Kiti cha Mke wa Mheshimiwa

Hasira zangu ziko karibu, na siku ile pale uwanja wa ndege wa Mavivi zilinitoka mbele za watu. Nasema mapema kwamba kosa lilikuwa langu, kwa sababu nikishaanza kusimulia huwa najitetea.

Kaka yangu mkubwa ni mbunge wa taifa. Zamani alikuwa na lori moja, akipakia mizigo Butembo na kuishusha Beni, na watu walimchagua kwa sababu mzigo wa mtu haukuwahi kupotea mkononi mwake. Alipofika Bungeni alijiunga na wale waliotaka masharti juu ya marupurupu yao wenyewe: gari la kazi libaki la kazi, na kile kiti cha ndege anachopewa mke wa mbunge kiwe cha mke, si cha shemeji wala cha rafiki. Asipokuwepo mke, apewe abiria wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Masharti yalipita. Sisi wa nyumbani tulimsifu sana, maana hatukujua yatatugusa wapi.

Baadaye mke wake alifariki. Matanga yalipokwisha, kaka aligawa nguo za marehemu, na mimi wifi yake nikapata kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, cha kijani chenye maua meupe. Nilikivaa mara chache. Wifi yangu alikuwa mtu wa kucheka, na kile kitambaa kilikuwa bado kinanukia udi wake.

Mimi nauza vitenge katika soko la Beu, hapo Beni, na nina mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa Kinshasa. Mimba yake ya kwanza ilitoka akiwa peke yake chumbani. Mume wake hufanya kazi kwenye boti za mizigo za Mto Kongo, na akiondoka hupotea mwezi mzima. Mimba ya pili ilipofika mwezi wa tisa, mume alikuwa mtoni tena. Binti yangu alinipigia simu.

"Mama, mara hii usikosekane," aliniambia. "Niko na woga."

Nilikwenda kutafuta ndege. Nafasi zilikuwa zimejaa kwa wiki mbili. Lakini kaka alikuwa anarudi Kinshasa Jumanne, na kando ya kiti chake kulikuwa na kile cha mke. Basi nikampigia simu msichana wa tiketi za ndege nikasema mimi ni bibi ya muheshimiwa, yaani mke wake. Jina letu la ukoo ni moja, nani angejua? Msichana aliandika. Kaka sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba akiniona nimeshafika na mifuko hataweza kunirudisha.

Nilisaga ulezi wa uji wa mzazi, nikafunga vitambaa vya mtoto, na Jumanne nikavaa kile kikwembe cha kijani, kwa sababu ndiyo nguo yangu ya heshima. Wallahi sikuwaza zaidi ya hapo.

Kaka alikuwa amesimama mezani akitoa karatasi zake, mgongo amenipa. Msichana aliniona, akatabasamu.

"Muheshimiwa, bibi yako amefika."

Aligeuka haraka. Aligeuka kabla ya kufikiri, na macho yake yaliangukia kikwembe kwanza. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa kitu. Kisha akafika kwenye uso wangu. Sitaki kuonyeshwa tena sura ile, na mimi ndiye niliyeileta.

"Huyu hapana bibi yangu," alimwambia msichana, polepole. "Ni dada yangu, tumetoka tumbo moja. Ile kiti umupe mwenye kuwa wa kwanza kwa liste."

"Yaya," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "mutoto atazala peke yake."

"Najua."

"Donc basi unaniacha?"

Alimwashiria msichana aite jina la kwanza. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mzee mmoja kutoka Kasugho mwenye jicho lililofungwa bandeji. Alikuja na mfuko wake wa plastiki, akatushukuru sisi wawili kwa pamoja, akidhani tumemwachia. Nilimchukia mzee wa watu bila sababu.

Hapo ndipo niliposema maneno. Nilimwambia kaka kwamba sheria zake zimemla moyo, kwamba mke wake angekuwa hai angeninyanyua mwenyewe na kunikalisha pale. Watu walitugeukia. Yeye aliinama tu, akauchukua mfuko wangu wa ulezi na vitambaa.

"Hii naweza kubeba," alisema.

Nilikifungua kile kikwembe kilichokuwa juu ya gauni langu, nikakisukuma ndani ya mfuko. "Beba na hii. Mimi siweze tena kuivaa."

Nililia hadi Beu.

Binti yangu alijifungua siku ya tatu, mvulana, wote wazima. Nilimshukuru Mungu, lakini simu za kaka sikupokea. Wiki mbili zilipoisha nilipata nafasi kwa zamu yangu, nikafika Kinshasa nikiwa na maneno makali niliyoyapanga njia nzima.

Mlango wa binti yangu ulikuwa wazi. Binti yangu alikuwa amelala, amenona mashavuni. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni mwa kaka yangu kwa kikwembe cha kijani, vibaya, fundo likiwa upande, na kaka alikuwa ameinama juu ya sufuria akikoroga uji. Baadaye binti alinisimulia yote: mjomba ndiye aliyemwadhinia mtoto sikioni, ndiye aliyechota maji, jirani mmoja mwanamke akamkanda mzazi. Uji wa kwanza uliungua. Wa pili ulikuwa na mabonge. Wa tatu ulinyweka.

Juu ya kopo la ulezi kulikuwa na karatasi, nakala ya ile wanayojaza wabunge wasipofika kikaoni. Asiyefika hukosa posho ya siku, isipokuwa akiandika kwamba alikuwa kazini au mgonjwa. Niliisoma kwa sababu sikuweza kumtazama. Penye sababu ya kutofika, kaka alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kifaransa chake cha shule: *Nimeshika nafasi ya dada yangu, ambaye hakupata kiti.*

Maneno yangu makali yalinipotea yote. Nilinyoosha mkono.

"Yaya, nipe mwiko."

"Ngoja kwanza," alisema bila kugeuka. "Bado haijakuwa muzito."