Siku Niliyotembezwa Mlimani na Mkwe Wangu

Wifi yangu ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika wetu hapa Ikungi, na mtu asiyemjua humwona mcha Mungu tu. Mimi niliolewa na kaka yake, nimeishi na wifi huyu karibu miaka hamsini, kwa hiyo namjua. Mcha Mungu ni kweli, lakini akipata nafasi ya kumcheka wifi yake, hata ibada ataisubirisha kidogo.

Ndiye aliyepanga safari yetu ya shukrani baada ya kuvuna alizeti. Alisema mwaka huu hatutakaa ukumbini kusikiliza semina hadi miguu ivimbe. Tutapanda mlima, tena mlima wa wazee, wenye njia isiyo na haraka na mahali pa kusimama na kutazama nchi, na atakuwepo mtembezaji wa kutuongoza. Mtembezaji huyo ni nani, hakusema. Nami sikuuliza, kwa sababu alipotaja ukingo wa Iramba, pale juu ya mbuga ya Wembere, mengine yote sikuyasikia.

Nilizaliwa katika mbuga ile. Baba alifuga ng'ombe huko chini, na nilipokuwa na umri wa kama miaka sita tukahama, tukapanda huku juu, nisirudi tena. Dada yangu mkubwa aliwahi kwenda ukingoni akiwa msichana. Alinisimulia kwamba kuna jiwe la mwisho kabisa, ukisimama juu yake unauona mto wa mbugani unavyojikunja kama mkono uliopakata mtoto, na ndani ya mkunjo ule ndipo ulipokuwa mji wetu, yaani boma la baba. Dada amelala sasa. Mimi nina miaka sabini na mitatu, na magoti yangu yananiamkia kabla sijaamka. Nimeteremka mlima wa Sekenke kwenda Shelui mara nyingi, ila basi halisimami ukingoni kwa sababu bibi mmoja anataka kuangalia alikozaliwa. Wiki nzima nilimwomba Mungu jambo moja tu: nifike kwenye jiwe lile, niangalie, basi.

Tulikuwa wanawake kumi na wanne ndani ya Kosta ya kukodi. Tuliondoka alfajiri tukiimba, na kufika Misigiri sauti zilikuwa zimekwisha tukawa tunacheka tu, maana mtu akicheka wenzake wanaambukizwa. Saa tatu asubuhi gari likasimama mbele ya ofisi ya kijiji kimoja cha ukingoni. Kijana mmoja alikuwa anatusubiri, kofia kichwani, begi mgongoni, fimbo ndefu mkononi. Nikaanza kushuka. Nilikuwa nimeshatia mguu mmoja chini nilipomwona vizuri, nikaupandisha tena.

Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho.

Walioana mwaka jana wakaenda kuishi Arusha, ambako kijana anatembeza watalii, nami nilijua bado wako huko wote wawili. Kumbe yeye amekuja kwao huku Iramba kwa mapumziko, na wifi yangu alikuwa na namba yake ya simu siku zote hizo.

Lazima nieleze. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe hawazoeani hivi hivi. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hutoka njiani akampisha mwenzake. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina mwisho wake. Siku mkwe anapoleta mbuzi wa kuondoa haya, akamkabidhi mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, mnakuwa mama na mwanawe kuanzia saa ileile. Mbuzi wangu alikuwa amepangwa kuja Krismasi. Siku ya harusi niliishika heshima hiyo kwa bidii, hata katika picha zote ninaonekana nikiitazama spika ya muziki.

"Shuka, wifi," mwenyekiti wetu akaniambia. "Mlima haupandwi kwa kukaa kwenye kiti."

Nikamwambia kwamba alijua kila kitu. Akasema alijua tu kwamba mtembezaji ni hodari, hayo ya ukwe yalimtoka. Wenzangu walikuwa wameshika midomo kwa kanga, na dereva alizima injini ili asipitwe na neno. Kijana naye, alipogundua nimo ndani, aligeuka akaielekea ofisi ya kijiji na kuamkia akiwa amewapa mgongo watu wote. Ukuta wa ofisi ukapokea marahaba kumi na nne, moja ikiwa yangu, ya chini chini.

Njia yenyewe ilikuwa laini kama tulivyoahidiwa. Inapita katikati ya mawe makubwa ya mviringo, yaliyobebana kama mafungu ya viazi sokoni, na inapanda kidogo kidogo hadi unasahau kwamba unapanda. Hewa ilikuwa ya baridi, safi. Tatizo lilikuwa moja. Mtembezaji kazi yake ni kutangulia, kisha kugeuka na kueleza, na kila alipogeuka mimi ilinibidi nitoke njiani. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya jiwe. Mara ya pili hapakuwa na jiwe, nikaingia kichakani. Mara ya tatu nilitoka kichakani nikiwa nimejaa kishona nguo kuanzia pindo hadi kiunoni, na wifi yangu akaniuliza kama ninahamia porini.

Kijana aliona ananitesa, akapata njia yake. Tulipofika mahali pa kwanza pa kutazama, pale nchi ya Iramba inapofunguka mashamba kwa mashamba, alisimama akaangalia mwamba, mgongo kwetu, akanyoosha mkono kwa nyuma kama mtu anayejikuna.

"Nyuma yangu," akasema, "yaani mbele yenu, mama zangu, mnaona mashamba ya alizeti na mtama."

Wanawake walikaa chini. Mmoja, kwa uchokozi, akamuuliza yule ndege mkubwa aliyetua nyuma yake ni ndege gani. Bila kugeuka akasema kwamba huku ukingoni tai ni wengi. Alikuwa kunguru, tena alilia kabla jibu halijakwisha. Juu ya mwamba alioutazama kulikuwa na pimbi watatu, na nadhani hao ndio pekee waliouona uso wa mtembezaji wetu asubuhi ile. Mimi, ambaye si desturi nicheke mbele ya mkwe, nilijaza kanga mdomoni hadi nikakohoa. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mzee wangu alipofariki, na moyoni nikamshukuru Mungu hata kwa kunguru.

Mahali pa pili tulikula. Nilikuwa nimepika kuku wa kienyeji na viazi vitamu, kila mtu na chombo chake. Mkwe akaenda kukaa nyuma ya jiwe moja, mimi nyuma ya jingine, wenzetu wakakaa katikati kama baraza la usuluhishi. Wifi yangu alichota katika sufuria yangu, akatoa firigisi akampelekea, kisha akawa anatangaza kwa sauti kama mtangazaji wa mpira: sasa anatafuna, sasa anasema chumvi imekolea, sasa anaomba shingo lakini anaona haya. Nilimpelekea shingo.

Baada ya hapo ndipo tukafika.

Jiwe la mwisho limejitenga na mlima. Kati yake na njia kuna ufa, hauzidi hatua moja ya kijana, na kina chake kinafika kiunoni tu, chini kuna majani. Hakuna hatari, ila mtu mwenye magoti kama yangu hauvuki bila kushikwa. Mkwe alisimama mguu huku mguu kule, akawa anawapa mkono mmoja baada ya mwingine. Wakavuka kumi na watatu. Kila aliyevuka alifika mbele, akaanza kumsifu Mungu kwa sauti. Kutoka niliposimama mimi niliona mbingu tupu na migongo yao.

Wifi alirudi ufani akaninyooshea mkono wake. Kijana akalikataa hilo kwa upole, akiliambia jiwe kwamba wazee wawili wakivutana huanguka wote. Akanisogezea ncha ya fimbo yake huku amegeuza uso. Niliishika, nikainua mguu, goti likakataa, na fimbo haina bega la kuegemea. Nilijaribu tena. Mara ya tatu nikakaa chini.

Nikawaambia watazame kwa niaba yangu, niliyoyaona yananitosha. Ulikuwa uongo, na nilikuwa nikiusema mlimani, mchana kweupe. Nilikuwa nimebakiza hatua moja nione nilikozaliwa, na hatua hiyo nisingepata mwaka mwingine wa kuirudia. Lakini desturi niliyopewa na mama yangu sikutaka kuivunja kwa sababu imenibana siku moja. Kama ningeivunja kwa kutazama mandhari, binti zangu wangeivunja kwa kitu kidogo zaidi. Nikafumba macho, nikamwambia Mungu kwamba nasubiri, maana kusubiri nimezoea.

Wifi yangu hakucheka tena. Alisema kwa sauti ya taratibu: "Si wewe uliyetufundisha habari ya yule mama mkwe wa katika Injili, aliyelala na homa? Alishikwa mkono akainuka."

"Aliyemshika hakuwa mkwewe," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu somo lile nilimfundisha vizuri.

Hapo kijana akamuuliza wifi, bado akiwa amenipa mgongo, kama kinachokosekana ni mbuzi peke yake. Wifi akasema ni mbuzi na shahidi wa upande wao. Kijana alirukia upande wangu, akanipita kwa mbali, akatelemka mbio kati ya mawe hadi tukamwona kofia tu, halafu hata kofia hatukuiona. Tukabaki, kumi na watatu upande ule wasioweza kurudi, mimi upande huu nisiyeweza kwenda. Mmoja akauliza kama ndoa imevunjika. Tulicheka hadi mama mmoja akaomba tuache, kifua kinamuuma.

Alirudi na mbuzi mabegani. Nyuma yake alikuwa mjomba wake, mzee wa rika langu, ambaye hulisha mbuzi zake kwenye mteremko ule, akihema na kusema peke yake. Alituangalia wote kwa zamu. Mimi nilizaliwa Mnyiramba, lakini wenzangu ni Wanyaturu, watani wa Wanyiramba, na mzee hakuwakawiza.

"Wanyaturu," akasema, "mnakuja mlimani kwetu kula mbuzi wetu, hata salamu hamna."

Wifi yangu akamjibu kutoka ng'ambo ya ufa: "Mbuzi yupi? Tumeona sungura."

"Mama mkwe mwenyewe mwembamba. Tumepima kabla ya kuleta."

Ukazuka ubishi kama mashahidi wetu wanahesabika wakiwa ng'ambo ya ufa. Mzee alisema desturi haijui ufa. Wifi akasema shahidi kazi yake ni kuona na kusikia, na wao wanaona na kusikia kuliko hata mimi, maana mimi nimeshafumba macho tena nisimtazame mkwe. Mzee akakubali. Akavua kofia, akasema maneno machache ya wakubwa wetu, kwamba watoto ni wetu sote, nyumba ni moja na haya imeondoka, kisha akaniwekea kamba ya mbuzi mkononi. Mimi nikaomba. Niliombea nyumba ya binti yangu, nikaombea na mbuzi, sijui kwa nini, na wote wakasema amina.

Nikafumbua macho. Mkwe wangu alikuwa amesimama ufani, mguu huku mguu kule, ananitazama. Ana uso mpana wa huruma na mwanya kati ya meno. Mwaka mzima sikujua kwamba ana mwanya.

"Mama," akasema, "nipe mkono."

Nikampa. Nikamwambia ajishikilie vizuri, mimi ni mzito kuliko mbuzi. Basi mbuzi, aliyechoka kusubiri heshima zetu, akaruka ufa kabla yangu, kamba ikanivuta mbele, kijana akaniinua pembeni, na nikajikuta nimetua ng'ambo bila kujua ni goti lipi lililofanya kazi. Nilikuwa nikicheka kwa sauti kama msichana wa kipaimara.

Wakanipisha nikasonga mbele. Mbuga ilikuwa pale chini, ya manjano, pana hadi macho yanachoka, na mbali kaskazini ziwa liling'aa kama sahani iliyooshwa. Mto sikuuona. Nilitafuta huku na huku na hofu ikaanza kuniingia. Mkwe akainama, akaunyoosha mkono wake kando ya shavu langu ili niufuate kwa macho.

"Pale, mama. Palipo na kijani."

Mto umejikunja kama alivyosema dada. Ndani ya mkunjo sasa kuna majaruba ya mpunga na paa mbili tatu za bati zinazowaka jua. Hakuna alama yetu hata moja. Nilidhani nitalia, lakini nilifurahi kwamba mahali petu panalisha watu. Nikamshukuru Mungu kwa maneno machache, maana machache ndiyo niliyokuwa nayo.

Maneno mengine yote yalikwenda kwa mkwe. Nilikuwa nimeyaweka mwaka mzima. Nilimuuliza kama binti yangu anaamka kusali, kama bado anaunguza wali, kama baridi ya Arusha imeacha kumkohoza, na kila nilipojibiwa nikapata swali jingine. Wenzangu waliimba wimbo beti zote, wakapiga picha na mbuzi, wakamaliza, wakakusanya kanga zao. Wakataka kurudi. Ili warudi walihitaji mkono wa mtembezaji, na mkono huo nilikuwa nimeushika mimi.

"Wifi," mwenyekiti akaniita, "turudishie mtembezaji wetu."

Nikamwambia asubiri. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye habari za wajukuu, ambao hata mimba zao hazijatungwa.