Kisoksi Chekundu cha Komora

Jamani, sokoni Garsen wakiniita "Soksi" naitika tu, maana aibu yenyewe nilijifumia kwa mikono yangu!

Dada yangu Salome alilazwa na kichanga chake, Komora, mtoto mzuri huyo (pua kachukua yangu!), kachomekwa sindano ya dripu kwenye kamkono kadogo kama kijiko cha chai. Sista akatuambia, "Mkono huu uacheni wazi, niwe nauona." Nikaitikia vizuri kabisa. Halafu nikasikia akina mama wa kanisa wanatoka Golbanti kuja kumwona mtoto, na mnawajua akina mama wetu, mmoja akiona sindano kwa kichanga atalia, mwingine atasema ni kijicho, na mimi machozi yangu yako karibu, kwa hiyo Salome alipokwenda kuoga nikamvika Komora kisoksi nilichomfumia, chekundu, juu ya sindano na yote!

Wakaja, wakaimba. Komora akalia.

"Wewe, mbona analia hivyo?" akauliza Mama Mchungaji.

"Anaitikia pambio, mama!"

Loo, wakafurahi! Wakapandisha sauti, makofi, vigelegele, mtoto anazidi kulia na mimi nazidi kucheza, mpaka nikamgusa mkono nikakuta kisoksi kimekaza kama ngozi ya ngoma. Kuvua, mkono umefura kama andazi! Kumbe maji ya dripu yalikuwa yanaingia kwenye nyama, si kwenye mshipa.

Nikatoka mbio, "Sistaaa!", leso ikabaki mlangoni, nikatokea mbele ya madaktari na shimizi tu.

Sista alifunga dripu kwanza, akachomoa sindano, akauinua mkono, akaulaza juu ya kitambaa kilichokunjwa. "Ungechelewa, ngozi ingekufa," akasema. Hapo nikalia kuliko Komora. Salome akatokea na povu masikioni: "Mmemfanya nini mwanangu?"

Jioni uvimbe ukashuka! Komora akanishika kidole kwa mkono uleule, nikaruka kwa furaha!

Kesho yake, dripu ikiwa mkono wa pili, Mama Mchungaji akaja na leso amfunike. "Uacheni wazi, mama!" nikapaza sauti, na wodi nzima ikadakia, "Wazi, Soksi, wazi!"

Nikamwambia Sista sasa nitafuma soksi za miguu tu. "Hata mguuni huwa tunachoma," akasema. Na kofia je? Akacheka: "Hata kichwani."

Basi mwenzenu nafuma vitambaa vya meza.