Noah Iliyomkataa Mayu Kabula

Jumanne, wiki ambayo watu wa Sapiwi walianza kuchuma pamba, tulimzika mama yetu sote, Mayu Kabula. Tumepoteza bibi mwembamba wa mwili na mkali wa ulimi, aliyekuwa akiwaita watoto wa kitongoji kizima kwa majina ya babu zao, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukaa kimya. Lakini kuna jambo moja siwezi kulinyamazia, nalo linakuhusu wewe, mwanangu Mabula, na vijana wenzako mnaoendesha magari.

Baada ya mazishi ulikwenda na noah yako kurudisha viti, ukarudi, ukazima gari ili waombolezaji wa Nassa wapande. Ulipopiga stata, ikagonga mara moja, "ka", kisha kimya. Ukarudia, kimya. Mmoja wa watani akasema kutoka kiti cha nyuma kwamba bibi hataki tuondoke, watu wakacheka, na hilo sina ugomvi nalo, maana kazi ya watani msibani ni hiyo. Wewe ndiye uliyeongeza kwamba hata alipokuwa hai magari yalikuwa hayampendi. Hapo nikajua umepewa hadithi nusu. Nilikusogelea dirishani nikakuuliza swali moja tu: gari ni la moto au la baridi? Ukaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za mwaka mwingine. Swali hilo si langu. Acha nikueleze lilikotoka.

Noah ya kwanza kufika upande wetu ilikuwa ya baba yako Masanja, ndugu yangu. Aliinunua ikiwa imeshazeeka huko ilikotoka, rangi ya fedha, mlango wa pembeni ukifungwa kwa kamba. Yeye akawa dereva, mimi kondakta. Alfajiri tulipakia samaki Nassa, ndoo kwa ndoo, na abiria wachache wasiojali harufu. Tukipita Sapiwi tunaokota watu barabarani bila kuzima gari, tunaingia Bariadi, tunashusha samaki sokoni, tunazunguka mji kutafuta abiria wa kurudi, na mwisho tunasimama Somanda, karibu na hospitali, kuchukua wagonjwa waliomaliza kutibiwa. Pale ndipo tulipozima gari, tukafunga mizigo juu, kisha tukaondoka. Kila siku hivyo hivyo.

Mayu Kabula alikuwa abiria wetu wa kila wiki. Alikuwa mjane, akiishi peke yake, na macho yake yalikuwa mabaya. Alipikia miti ya pamba iliyokauka maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na ule moshi ulimla macho yakawa mekundu kama yenye kidonda. Hospitalini walimpa dawa ya kutiwa na kuangaliwa kila wiki, wakamwambia wazi kwamba akiacha katikati atapofuka. Nawe unajua, mwanangu, bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake husemwa nini kwetu. Wapo waliouawa kwa kuitwa wachawi. Kwa hiyo dawa ile haikuwa ya macho peke yake.

Kisha noah ikaanza kugoma. Si kila siku. Inaweza kuwaka vizuri kutwa nzima, halafu kesho, pale Somanda, ikagonga "ka" na kunyamaza. Tulibadilisha betri, ikawaka siku mbili tatu, ikarudi palepale. Tukafunga stata nyingine iliyotumika, tukasherehekea kwa soda, na kabla ya wiki kuisha ikagoma tena. Baba yako akaanza kuupiga usukani makofi. Mimi nikaanza kuogopa abiria.

Siku moja ikagoma Mayu Kabula akiwa ameketi kiti cha mbele. Tukasukuma, haikuwaka. Wiki iliyofuata ikagoma tena, naye yumo. Mara ya tatu, mama mmoja mwenye magunia ya mchele akasema kwa sauti kwamba yeye anaona kitu ambacho sisi tunajifanya hatukioni. Hakutaja jina. Watu wote wakatazama mbele, kwenye kile kilemba cheusi cha Mayu Kabula. Yeye akasema bila kugeuka, "Kama ningekuwa na uwezo wa kuzuia magari, ningeanza na la mwenyekiti. Linanitimulia vumbi kwenye uji kila asubuhi."

Wengine walicheka. Mama wa mchele hakucheka. Akasema ashuke tuone. Baba yako akaangalia nje. Mlango ni mimi niliyeufungua. Mayu Kabula akashuka, akaenda kukaa kwenye jiwe karibu na uzio. Tukabishana, tukanywa maji, ukapita muda. Baba yako akajaribu tena, noah ikawaka kwa mguso mmoja.

Hakuna aliyemwita arudi. Tuliondoka, naye nilimwona kwenye kioo amenyanyua mkono, akidhani tunageuza gari kumfuata. Alirudi Sapiwi kesho yake juu ya lori la mbegu za pamba.

Tangu hapo baba yako akaacha kusimama kwenye njia ya kwa Mayu Kabula. Alisema abiria watatukimbia, na hakuwa mwongo. Wiki ya kwanza Mayu Kabula alisimama barabarani, tukampita. Wiki ya pili akasimama, tukampita. Wiki ya tatu hakuwepo. Tukasikia macho yameziba usaha na haoni mlango wake. Tukasikia pia kwamba Jumapili sungusungu, walinzi wa kijiji, watakaa, na jambo la Mayu Kabula na gari litakuwa la kwanza. Mashahidi wangekuwa sisi.

Ijumaa jioni guku yetu Lushinge, baba wa baba yetu, alituita. Guku hakuwahi kushika usukani. Maisha yake yalikuwa ng'ombe, na hata alipozeeka alikuwa akiamka kabla ya jogoo kwenda zizini kuwasikiliza wakicheua. Alituuliza tutasema nini Jumapili. Baba yako akaeleza vizuri, kwa mpangilio: mara ya kwanza Mayu alivaa kitenge cha kijani, mara ya pili alibeba kapu la viazi, mara ya tatu alikuwa na kilemba cheusi, na aliposhuka tu, gari likawaka. Guku akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama siku hizo tatu gari lilikuwa la moto au la baridi.

Hatukujua.

Akauliza kama taa zilikuwa zinawaka. Nikasema nadhani ndiyo, honi ililia. Akauliza kama limewahi kugoma Kabula akiwa hayumo. Baba yako akasema limewahi, lakini siku hizo ni kuchoka tu kwa gari.

Guku hakupandisha sauti. Alisema, "Mnakumbuka rangi ya kitenge cha mwanamke, lakini hamkumbuki hali ya gari lenu wenyewe. Ng'ombe wangu akikataa kutoa maziwa, naanza kwa kuuliza amekula nini na amelala wapi. Nikianza na nani amepita langoni, nitagombana na kijiji kizima na maziwa sitapata."

Baba yako akainamisha kichwa.

Jumamosi guku alipanda noah nasi kutoka alfajiri. Kabla ya hapo alimtuma shangazi yetu akakae na Mayu Kabula nyumbani kwake, asitoke hata uani, na shangazi akakubali kuwa shahidi wa hilo. Guku akakaa kiti cha mbele, kilekile. Unajua noah zile injini iko chini ya viti vya mbele. Tulipofika mjini alikuwa amenyanyua miguu, analalamika kwamba tumemketisha juu ya jiko. Tulifanya kila kitu kama siku zote: soko, kuzunguka mji, Somanda, kuzima, kufunga mizigo. Kisha akasema washa.

"Ka." Kimya.

Guku akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, Kabula yuko wapi. Mama wa mchele alikuwemo siku hiyo pia. Guku akatuzuia tusisukume wala tusiguse chochote, akasema ugonjwa ukiwa umejitokeza ndio wakati wa kumwita mganga, si ukishajificha. Nikakimbia kumleta fundi wa pale Somanda. Huyu fundi alikuwa ameshatubadilishia betri na stata, na kila tulipomletea gari lilikuwa limepoa na linawaka, akawa anatibu kwa kubahatisha. Leo alilikuta likiwa limegoma, na bado la moto. Akawasha taa kubwa, zikawa kali. Akasema basi betri ni nzima. Akainua kiti, akachukua waya mnene wa kubustia, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma cha injini, akamwambia baba yako apige. Noah ikanguruma.

Akautoa waya ule, tukajaribu, ikagoma. Akaurudisha, ikawaka. Alifanya hivyo mpaka kila abiria akawa ameshuka kuangalia.

Ugonjwa ulikuwa kwenye waya unaounganisha injini na bodi ya gari, ule ambao bila huo stata haipati njia ya kurudishia umeme. Pale unapofungwa kwa bolti palikuwa pameota kutu nyeupe na kijani, bolti imelegea. Gari likiwa baridi, waya unagusa kidogo na kuwasha. Likishika moto, unaachia. Likipoa, unagusa tena. Na kutu ile, mwanangu, ilitoka kwetu. Ni maji ya samaki wa Nassa, tuliowatia chumvi wasioze, yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye ndoo na kupita chini ya zulia kila alfajiri. Asubuhi Mayu Kabula alipopandia hatukuwahi kuzima gari, kwa hiyo lisingeweza kugoma. Jioni alipandia mahali pekee tulipozima gari likiwa moto kabisa. Na tulipomshusha, lilipata muda wa kupoa. Kilichowasha gari ni ule muda.

Fundi akafungua bolti, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mpya.

Tuliporudi Sapiwi guku hakutaka kushuka kwake. Alisema twende kwa Mayu Kabula. Tulimkuta kwenye mkeka, macho yamefungwa kitambaa, shangazi akimpepea. Guku akamsalimu, akamweleza yote, na waya wenye kutu akamwekea mkononi. Aliupapasa muda mrefu, akaunusa.

"Hii ni sato," akasema.

Hapo baba yako akapiga magoti. Tulimpeleka hospitali jioni hiyohiyo, na Jumapili tulipoitwa mbele ya sungusungu tulikwenda na ule waya, na fundi, na shangazi, na hata mama wa mchele alisimama akasema alichokiona. Kikao kikageukia habari za wezi wa mbuzi. Jicho la kushoto halikurudi. Nakuambia ukweli kwa sababu hadithi hii husimuliwa kana kwamba iliisha vizuri yote. Wiki tatu alizokosa dawa kwa sababu yetu zilimgharimu jicho. La kulia lilimtosha kuishi miaka mingi, na kila alipopanda gari letu alimuuliza baba yako, wabeja, yaani asante, leo halina homa?

Sasa nasaha yangu ni hii. Gari likigoma, mwanangu, usiangalie kwanza nani amekaa wapi. Sikiliza linatoa sauti gani. Angalia taa. Liguse, ujue ni la moto au limepoa, na ukumbuke limetoka kufanya nini. Kumbuka na siku lilipowaka, maana hizo nazo ni ushahidi, ingawa hazisemi kwa kelele. Likigoma ndipo uite fundi, palepale, kabla halijapoa na kukudanganya. Ukiosha maji ya samaki, inua zulia. Na fanya hivyohivyo nyumbani: mtoto akiugua, ng'ombe akifa, mvua ikichelewa. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, hakikisha umeshainua kiti ukaangalia chini yake. Mtu uliyemsingizia hafungwi bolti mpya akawa kama zamani.

Mungu akupe barabara nyoofu na mikono yenye subira. Akujalie abiria wanaokuombea mema wakishuka, na uzee wa kukaa na wajukuu ukiwa huna jina la mtu linalokusumbua usingizini.

Siku ile ya mazishi, baada ya kuniangalia vile, ulishuka garini. Uliwaomba waliokaa mbele washuke, ukainua kiti, ukaweka kiganja karibu na injini, ukakitoa haraka. Ukasema, "La moto, baba." Watani nao wakashuka. Tukatandika kanga kivulini mwa gari, tukakaa sote tukisubiri lipoe, maana pale hapakuwa na fundi, na mama mmoja wa Nassa akaanza kutusimulia jinsi Mayu Kabula alivyokuwa akimwita kwa jina la babu yake.