Aliyesimama Mara Mbili

Kila mwaka, Jumapili ile ya Novemba ambapo majina ya waliokufa vitani husomwa kanisani Nantwen, Leisa Hafod alisimama mara mbili kwa jina moja. Ndugu wa kila marehemu husimama jina lake linapotajwa. Mzee wa kanisa akitamka "Ifan Rees," Leisa alinyanyuka, akashika mgongo wa benchi la mbele, akainamisha kichwa, kisha akaketi. Kabla jina la pili halijasomwa, alinyanyuka tena vilevile, bila haraka, akaketi tena. Wasomaji wote walijifunza kumsubiri.

Nest, binti wa Dafydd, mdogo wake Leisa, alikaa ubavuni pake tangu utotoni. Alipofika miaka tisa alianza kuona haya.

"Shangazi, kaa basi," alinong'ona, akivuta pindo la koti lake. "Wanatuangalia."

"Waache waangalie. Ni bure."

Nje, chini ya mvua, wenzake walikuwa wakimngoja. "Nest, shangazi yako ana pini kwenye kiti?"

"Pini wapi!" mwingine akadakia. "Anasahau kama ameshasimama!"

Nest alicheka nao ili asionekane mjinga, halafu akalia njia nzima ya kupanda shambani Hafod. Alimkuta shangazi yake jikoni amemtangulia, amefunga aproni, anachoma vimikate vya zabibu kavu juu ya bamba la chuma.

"Kwa nini mara mbili?" Nest aliuliza kwa hasira. "Watu wote husimama mara moja!"

Leisa aligeuza vimikate vyote kwanza, kimoja kimoja. Ndipo akamweleza.

Katika bonde lile nusu ya watu ni akina Rees, na nusu nyingine wameoa kwa akina Rees. Kwa hiyo hakuna anayeitwa kwa jina la ukoo; mtu huitwa kwa shamba lake. Kulikuwa na Ifan Hafod, kaka yake Leisa, na kulikuwa na Ifan Pandy, mtoto wa pekee wa Betsan, mjane wa ng'ambo ya kijito. Wote wawili Ifan Rees. Waliondoka asubuhi moja kwenda vita vya Wajerumani, wakishuka njia ya kanisani bega kwa bega, Ifan Hafod akipiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa mbovu hata mbwa wa nyumbani aliupuuza. Leisa alikuwa msichana mdogo amekaa juu ya ukuta wa mawe, na alimpigia kelele anyamaze, anatia aibu. Hayo ndiyo maneno aliyoagana naye.

Hawakurudi, wala hawakupatikana wa kuzikwa. Mama yake Leisa, Catrin, aliandikiwa kwamba mwanawe yumo mahali fulani katika tope la Ubelgiji. Betsan naye aliambiwa hivyohivyo. Vita vilipokwisha, watu wa Nantwen wakachanga fedha za jiwe la kuandika majina ya waliokufa, na kwa kina mama wale wawili jiwe hilo ndilo lingekuwa kaburi.

Fundi alitoka mjini, mgeni asiyejua watu. Mzee wa kanisa, Tomos Gruffydd, alikaa naye kwenye chumba cha nyuma akimtajia majina kwa sauti. Tomos alikuwa amewaita vijana wale Hafod na Pandy tangu wanazaliwa. Siku hiyo tu, kwa heshima ya jiwe, akaona majina ya mashamba ni ya kienyeji mno. Akasema, "Ifan Rees." Fundi akaandika. Akasema tena, "Ifan Rees."

"Huyo ninaye," akasema fundi.

Tomos, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, akaitikia kwa kichwa na kuendelea.

Siku ya kufunua jiwe, Catrin alichelewa kulifikia kwa sababu ya miguu. Alipofika, Betsan alikuwa ameshaweka kiganja juu ya jina. Catrin akatafuta juu, akatafuta chini, akarudi pale kwenye kiganja cha mwenzake, akagusa herufi za mwisho kwa kidole.

"Ondoa mkono, Catrin. Huyu ni wangu."

"Wangu yuko wapi basi?"

"Mimi nitajuaje? Mtafute."

Walimwendea Tomos. Tomos alilia, lakini jiwe lilikuwa limejaa kutoka juu hadi chini. Mtu mmoja nyuma akasema, "Jina si lilelile? Wagawane, kama wanavyogawana kijito." Watu walicheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka wakiwa na haya. Catrin hakulisahau neno hilo. Aliishi miaka michache tu baada ya hapo, na alipokuwa anakwisha alimshika Leisa mkono.

"Likisomwa, simama. Hata Betsan akikutukana, wewe simama."

Basi ikawa hivyo. Kila Novemba likitajwa jina moja wanasimama wanawake wawili, Leisa upande wa dirishani, Betsan upande wa mlangoni, bila kutazamana. Betsan alikuwa akisonya kwa sauti hadi mchungaji anakohoa. Leisa alisimama tu. Alikataa posa ya mtu wa bonde la pili kwa sababu, alisema, huko wangesoma majina mengine.

Kisha ukaja mwaka ambao upande wa mlangoni palikuwa patupu. Betsan alikuwa kitandani. Jina likasomwa, na kwa mara ya kwanza Leisa akasimama peke yake, jina zima likiwa lake. Alikuwa amelingojea jambo hilo tangu usichana. Alipoketi alipatazama pale mahali pa Betsan. Msomaji alikuwa ameshafungua kinywa kwa jina la pili. Leisa akasimama tena.

Mchana alivuka kijito na kikapu cha vimikate.

"Umekuja kufurahi?" Betsan aliuliza kutoka kitandani.

"Nimekuletea vimikate."

"Meno ya kuvilia sina. Leo nani amesimama?"

"Mimi."

"Najua ni wewe, mjinga wewe. Kwa ajili ya nani?"

"Nimesimama mara mbili."

Betsan alimkazia macho. "Kwanza nani?"

"Wa Pandy," alisema Leisa.

Haikuwa kweli. Lakini yule mama aligeukia ukutani na mabega yake yakaanza kutikisika, na Leisa hakuweza kuyarudisha maneno yake.

"Basi iwe hivyo siku zote," alisema Betsan akiwa amegeuka vilevile. "Niahidi."

"Nakuahidi."

"Ule mluzi wa kaka yako," Betsan akasema baadaye, "ulikuwa mbaya."

"Mbaya sana."

"Mwanangu alimcheka mpaka chini kwenye daraja. Niliwasikia." Wakacheka wote wawili, kisha wakashindwa kuendelea. Betsan hakufika majira ya kuchipua.

Nest alipokwisha kusikia hayo hakuuliza tena. Hata hivyo hakusimama naye. Alikua, akasomea ualimu, akahamia mjini, akaacha kusali. Ila kila Novemba alirudi. Kuna mwaka mchungaji mpya alijitolea kuongeza kibamba cha shaba chini ya jiwe, kwa ajili ya Ifan aliyeachwa.

"Na huyo wa kwenye kibamba atakuwa yupi?" Leisa alimuuliza. "Betsan hayupo nimuulize. Unataka mimi nichague nani alisahauliwa?"

Mchungaji akanywa chai yake, hakulitaja tena.

Miaka ya mwisho magoti yalikataa. Nest alimwingiza mkono kwapani na kumnyanyua, akamshusha, akamnyanyua tena, na uzito ulikuwa ukipungua kila mwaka. Kanisani walibaki wazee wachache na baridi. Waliosoma majina hawakuwa wamewahi kumwona hata mmoja wa waliotajwa.

Vuli ile Leisa hakuweza kutoka kitandani Hafod. Nest alikuja Jumamosi ya kuamkia siku ya majina, akamlisha uji wa shayiri, akamfuta mdomo. Mvua ilikuwa inapiga dirisha.

"Kesho utakwenda?" Leisa aliuliza.

"Nitakaa na wewe, shangazi."

"Mimi siendi popote. Nenda wewe."

Nest alikunja kitambaa, akakikunjua. Mwenyewe hakuwa na mtoto, na alijua kwamba baada yake hapangekuwa na mtu wa kunyanyuka.

"Nitasimama," alisema. "Mara mbili. Wacheke wakitaka."

Leisa alifumba macho, Nest akadhani amelala. Kisha vidole vikamshika mkono, vikavuta.

"Wa Pandy kwanza," alisema. "Wetu atangoja."