Yusta na Mafundi wa Msumeno

Yusta Kalinga alikuwa amepika ugali na maharage kwenye kiwanda cha mbao nje kidogo ya Mafinga kwa miaka tisa kabla hajajua kwamba damu ya mtu inaweza kuzuiwa kwa mikono mitupu. Alijifunza jambo hilo wiki moja baada ya kulihitaji.

Kiwanda chenyewe ni paa la bati lililoshikwa na nguzo, halina kuta, na chini yake imesimama mashine moja ya kupasulia magogo ya misindano, aina ambayo wenyewe huiita dingdong. Mwenye kiwanda ni Mzee Danieli Mgaya. Wafanyakazi hawazidi kumi na wawili. Jiko la Yusta liko hatua kama hamsini kutoka kwenye msumeno, banda la mabanzi lenye mafiga mawili, na wote hapo humwita Mama Blandina, kwa jina la binti yake.

Asubuhi ile ilikuwa ya mwezi wa sita, baridi imeshika, ukungu bado umelala juu ya msitu. Yusta alikuwa anachagua maharage aliposikia msumeno umebadilisha sauti, kisha watu wakaita. Gogo lilikuwa limeteleza na kumvuta kijana mmoja, Masumbuko, mtu wa Makete, na msumeno ukamkata paja. Yusta alichota bakuli la unga akakimbia nalo. Kwa bibi yake, kidonda kilizibwa kwa unga, na hakuwahi kusikia vinginevyo. Aliumwaga wote. Mtu mwingine akamimina mafuta ya taa. Mwingine akasema apelekwe hospitali haraka, basi wakamkalisha kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mwenzake, mguu ukining'inia. Masumbuko alikata roho kabla hawajafika lango la hospitali.

Hakuna aliyemlaumu Yusta kwa ule unga. Wote walisema ni mipango ya Mungu, wakachanga, wakasafirisha mwili hadi Makete, wakazika. Lakini yeye alirudi kutoka msibani na swali moja, na Alhamisi iliyofuata alifunga jiko mapema akaenda nalo hospitali. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka muuguzi wa chumba cha dharura, mwanamke mfupi aitwaye Damari, alipotoka kunywa chai.

"Kamwene," Yusta alimsalimia.

"Kamwene, mama. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Wiki iliyopita mlipokea kijana wa dingdong, aliyekatwa paja."

Damari alidhani amekuja kulalamika. "Mama, yule alifika amekwisha fariki. Sisi hapa hatukuwa na la kufanya."

"Najua. Sikuja kuwalaumu. Nataka kujua sisi tungefanya nini kule."

Damari aliweka kikombe chini. Baadaye alisema kwamba katika miaka kumi na saba ya kazi hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu ambaye hakuwa na mgonjwa. Alimshika Yusta paja, palepale kwenye korido, akamwonyesha. "Unakandamiza hapa. Kwa kitambaa kama kipo, kwa mkono kama hakipo. Kwa uzito wako wote, na usiachie kuchungulia. Damu ikikataa, unafunga kitambaa kipana juu zaidi ya jeraha, upande wa moyo, unapitisha kijiti, unakisokota mpaka ikome. Unaandika saa. Halafu unamleta amelala, siyo amekaa."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Aliniambia mwenyewe kwamba neno hilo "tu" ndilo lililomliza njiani. Kama ingekuwa kazi ya daktari na mashine zake, angelala. Lakini ilikuwa kazi ya mtu yeyote mwenye mikono miwili, na pale kiwandani siku ile palikuwa na mikono zaidi ya ishirini.

Miezi miwili baadaye ilitangazwa kanisani semina ya siku tano ya huduma ya kwanza kwa watu wa kujitolea, kwenye ukumbi wa usharika. Yusta alijiandikisha. Walikuwa watu ishirini na wawili, wengi vijana waliomaliza kidato cha nne, na yeye alikuwa na miaka arobaini na sita na darasa la saba. Siku ya pili mwalimu alimwuliza kama anafuata vizuri. Alijibu kwamba anafuata vizuri kuliko wote, maana wao wanajifunza jambo linaloweza kutokea, yeye anajifunza jambo lililotokea.

Kufundisha wanaume wa dingdong kulikuwa kazi nyingine kabisa. Mara ya kwanza alisimama mbele yao wakati wa chakula akaanza kueleza kama alivyoelezwa. Wengine walitazama sahani zao, wengine simu. Jofrey, mshika msumeno, mtu mwenye mdomo na mwenye heshima kwa wenzake, alimkatiza bila hasira.

"Mama Blandina, sisi tumekuja kula. Shule tuliiacha zamani."

Yusta alirudi kupakua. Alikaa, akafikiri kwa siku kadhaa. Jumatatu iliyofuata alikuja na chupa kubwa ya plastiki iliyojaa maji mekundu ya juisi ya paketi, ameitoboa ubavuni kwa msumari na kuziba tundu kwa gamu ya kutafuna. Aliiviringisha ndani ya suruali kuukuu, akaiweka juu ya meza.

"Huu ni mguu," alisema. "Nikitoa gamu, utavuja. Atakayeuzuia kabla maji hayajafika ukingoni mwa meza, anapakuliwa kwanza."

Ilikuwa siku ya nyama. Wa kwanza alikandamiza mahali pasipovuja, maji yakamrukia shati, wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo. Wa pili aliachia ili achungulie. Wa tatu alikuwa Jofrey, ambaye hakupenda kushindwa na chupa. Aliutafuta mvujo kwa vidole, akauegemea kwa kiganja, akakaa hivyo kimya mpaka Yusta akasema inatosha. Kisha akauliza, kwa sauti iliyobadilika, "Masumbuko angehitaji kukandamizwa hivi kwa muda gani?"

"Mpaka hospitali," Yusta alisema. "Njia nzima."

Kuanzia hapo chupa ilikuja kila Jumatatu. Watu wa kiwanda cha jirani walikuja kutazama, wakaomba yao. Yusta alikwenda. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anazunguka viwanda vinne, baada ya miwili saba, kila mara mchana, baada ya kupakua kwake. Wale wa semina waliobaki na moyo wa kujitolea walijiunga naye, wakawa kikundi cha watu tisa, wakajiandikisha kwa afisa maendeleo ya jamii. Rabson, mwenye kirikuu cha kubebea mbao, alikubali kuitwa wakati wowote, na nyuma ya gari lake akaweka godoro jembamba ambalo hakuruhusu mtu kulikalia. Fundi mmoja alitengeneza masanduku ya mbao, moja kwa kila kiwanda.

Masanduku yalihitaji vitambaa. Yusta alikwenda mjini kwenye duka la vitambaa la Taraben, mama wa Kihindi ambaye familia yake imefanya biashara Mafinga tangu enzi za babu. Alieleza shida yake akiwa amejiandaa kukataliwa.

"Upana gani?" Taraben aliuliza.

"Wa viganja viwili, mama. Visiwe vyembamba, vitamkata mtu."

Taraben alishusha jora la pamba nyeupe kutoka rafu ya juu, akakata ncha kwa mkasi, akaanza kuchana mwenyewe, kipande kwa kipande, huku wateja wakisubiri. Alipofika kipande cha thelathini alisema, "Mjukuu wangu Yash anaendesha pikipiki kama kichaa. Utanifundisha na mimi." Yusta alimfundisha palepale, juu ya kaunta, kwa kuutumia mkono wa mteja.

Jambo lililomshinda kwa muda mrefu ni Mzee Danieli. Yusta alitaka msumeno uwekwe kifuniko, bati la kukinga mikono na miguu, kama alivyoona kwenye kiwanda kimoja. Mzee Danieli alisema kifuniko kinachelewesha kazi.

"Kinachelewesha, ndiyo," Yusta alikubali. "Baba, tulikaa siku nne bila kukata hata ubao mmoja tulipokwenda Makete. Hizo hukuziita kuchelewa."

Mzee alisema, "Wewe ni mpishi, Mama Blandina."

"Ni mpishi. Ndiyo maana najua kila anayekula hapa."

Alirudi jikoni kwake, na hakulirudia suala lile. Miezi mitatu baadaye kifuniko kilifungwa, na Mzee Danieli aliwaeleza wageni wote kwamba ni wazo alilolipata mwenyewe. Yusta alimwachia liwe lake.

Sasa nifike kwenye siku ambayo watu wa Mafinga huitaja wanapomtaja Yusta, ingawa siku hiyo yeye hakuwepo. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka jana. Dada yake Rozalia alikuwa amefanyiwa upasuaji Mbeya, na Yusta alikwenda kumuuguza kwa wiki moja, akamwachia Blandina jiko. Saa nne na nusu asubuhi, akiwa anamlisha dada yake uji, simu iliita. Ilikuwa Jofrey, na nyuma ya sauti yake gari lilikuwa linanguruma.

"Mama Blandina, ni Gideoni. Mkanda wa mashine ulikatika ukamvuta mkono."

Yusta, aliyempakulia kijana huyo chakula kila siku kiwandani, aliweka kijiko chini. Alisimama, akaanza kusema kwa haraka, "Sikiliza. Kandamiza kwanza, kama haikomi chukua kitambaa cha sandukuni, juu ya jeraha, siyo kwenye kiwiko..."

"Mama."

"...usokote kijiti mpaka..."

"Mama, tumeshafanya. Nimepiga kukwambia, siyo kukuuliza."

Yusta alirudi kuketi. Kisha akauliza, "Mmeandika saa?"

"Kwenye paji la uso, kwa ile kalamu nene ya kuandikia mbao. Saa nne na dakika tano. Amelala kwenye godoro la Rabson, mimi nimeshika mkono. Anatukana, kwa hiyo yuko sawa. Tunaiona hospitali. Baadaye."

Simu ilikatika. Rozalia alimwuliza kuna nini, na Yusta akasema anarudi sasa hivi. Alitoka nje, akasimama kwenye ukuta uliotazama mlima. Aliniambia ukweli wote wa dakika zile, na mimi nauandika kama alivyousema. Kwanza alishukuru. Halafu alijikuta anaona wivu. Miaka yote alikuwa amejiona yeye, akikimbia kutoka jikoni, akiifanya kazi ile sawasawa safari hii. Sasa ilikuwa imefanyika sawasawa bila yeye, umbali wa saa tano kwa basi, na hakuna aliyemhitaji hata kwa ushauri. Alikaa na wivu huo kidogo, mpaka ukamchekesha. Akarudi ndani kumalizia uji.

Aliporudi Mafinga alipitia hospitali kabla ya kwenda nyumbani. Gideoni alikuwa amepoteza vidole viwili. Mkono wenyewe ulikuwa umeokolewa. Damari, ambaye sasa ni msimamizi wa wodi, alimwambia kwamba daktari aliuliza ni nani aliyemfunga yule mgonjwa, akidhani amepitia zahanati njiani.

Kiwandani kila mtu alikuwa na hadithi yake, na hazikufanana. Jofrey alisema ni yeye aliyekandamiza. Wengine walisema Jofrey alipauka kwanza, ndipo akakandamiza. Kitambaa cha kwanza kilifungwa chini mno, wakakifungua na kurudia. Glavu za sandukuni hazikukumbukwa na mtu. Kibarua mmoja mgeni alikuja na dumu la mafuta ya taa, na Blandina alimpokonya, akaliketia mpaka gari lilipoondoka.

"Glavu," Yusta alisema baada ya kuwasikiliza wote. "Jumatatu tunaanza na glavu."

Hawakulalamika. Siku hizi si yeye anayeshika chupa kila wiki. Jofrey ndiye anayefundisha vibarua wapya, kwa ukali ambao Yusta hakuwa nao, na kama anakosea jambo dogo Yusta humwita pembeni baadaye.

Mwaka huu, baada ya mvua kukatika, barua ilikuja kwa kikundi kutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya. Walikuwa wamesikia habari za dingdong kutoka kwa madereva wa mbao, wakauliza kama mwalimu anaweza kufika. Yusta alisema ndiyo kabla hajamaliza kusoma, kisha akamwambia Jofrey ajiandae, wanakwenda wawili. Jofrey alimkumbusha kwamba hawajui lolote kuhusu mashimo.

"Hatujui," alisema. "Watatueleza."

Walifika Chunya wakiwa wekundu kwa vumbi. Wachimbaji kama arobaini walikuwa wamekusanyika chini ya turubai, wengine na tochi bado kichwani, wakisubiri hotuba. Yusta alisalimia, akataja jina lake na kazi yake, mpishi. Wachache walitazamana. Hakufungua mkoba wa chupa. Aliomba ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake ili awe sawa na wao.

"Mtu wa mwisho kuumia hapa alikuwa nani," aliuliza, "na aliumiaje?"

Kisha mzee mmoja wa nyuma alivua kofia yake, akasogea mbele, akaanza kueleza, na Jofrey akatoa daftari.