Kumi Alizopunguza Asilimia

Ofisini kwetu, kituo cha hali ya hewa, tulimwita Asilimia, naye aliitika. Kwa miaka kumi na tisa, miezi ya joto ikifika, kazi yake ilikuwa kuandika namba moja kila asubuhi: uwezekano wa radi kali kuipiga wilaya yetu siku hiyo. Alisoma vipimo vya puto lililorushwa alfajiri, akapiga hesabu kwa penseli, ndipo akaitazama kompyuta, tena kwa jicho la pembeni. Ukimuuliza kama atakunywa chai, atakujibu sabini kwa mia. Ndivyo alivyo.

Namba ikifika hamsini, onyo hutolewa: shule zinafuta michezo, mafundi wanashuka mapaani. Isipofika, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Wiki ile alikuwa ametoa onyo mara mbili, na mara zote mbili jua likawaka hadi likachoka lenyewe. Muuza magazeti wa pale nje akamuuliza kama anatabiri mvua ya mwaka kesho. Mkuu wa kituo naye akamwambia, kwa upole unaouma, kwamba watu wakizoea maonyo ya bure hawatatusikiliza tena.

Alhamisi penseli yake ilitoa hamsini na tano. Niliiona, maana meza zetu zimegusana. Akaizungushia duara, kisha kwenye taarifa akaandika arobaini na tano. Sikusema neno. Hata mimi nilikuwa nimechoka kuchekwa.

Dada yake ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara kuu, na siku hiyo watoto mia mbili walikuwa na mashindano ya mbio. Saa tisa alasiri wingu likapanda kama maziwa yanayofurika sufuriani. Kwenye rada, wekundu ukatua juu ya shule ile ile. Asilimia akapiga simu mara nne, haikupokelewa. Radi ya kwanza ilipolia alikuwa amesimama. Nilimwonea huruma, na nilijichukia.

Mara ya tano dada akapokea, na sauti yake ikasikika hadi mezani kwangu. Radi ilikuwa imepasua mlingoti wa goli. Watoto walikuwa madarasani tangu saa nane, wazima wote.

Asilimia akakaa. "Nani alikuambia uwaingize ndani, dada? Mimi niliandika arobaini na tano."

"Wewe mdogo wangu, tangu utotoni ukiogopa kuchekwa unapunguza kumi. Nikiona namba yako, mimi naongeza."

Akacheka huku akifuta macho. Nikadhani yamekwisha, lakini dada hakuwa akicheka.

"Na wale ambao si dada zako," akauliza, "nani anawaongezea?"

Simu ilipokatika alifungua droo akatoa madaftari yake ya penseli. Nikavuta kiti nikamletea taarifa za miaka iliyopita, tukaanza kulinganisha siku kwa siku. Kwenye daftari la pili tuliikuta siku ambayo radi ilimuua fundi akiwa juu ya paa. Penseli ilisema hamsini na mbili. Taarifa ilisema arobaini na mbili.

Fundi yule tulimfahamu. Ndiye aliyeezeka ofisi yetu.