Aliyerithi Jina la Baba

Naogopa ofisi. Naogopa mihuri, na makarani wanaofunua karatasi polepole kama watu wanaonyonyoa kuku. Lakini asubuhi ile niliogopa kuliko siku zote, maana karani alisoma jina la marehemu baba kwenye daftari lake, akanitazama, akasema, "Mama, papa yako iko muzima. Alikuya hapa juzi, na kadi yake."

Baba tulimzika miaka minne iliyopita, na udongo wa kwanza niliutupa mimi.

Nilikuwa nimefuata haki yake katika ofisi ya kampuni ya madini. Kampuni hiyo ilichimba mawe ya shaba katika shamba lake ng'ambo ya mto Naviundu, na kwa mkataba ilipaswa kumlipa fungu kwa kila lori lililotoka. Tangu afe, hakuna aliyekwenda kuchukua. Mama bado anaishi ndani ya shamba hilo, katika nyumba ya matofali aliyoyachoma kwa mikono yake.

"Ataya tena leo, saa tano," karani akaendelea. "Atasinye karatasi ya kuachia kampuni shamba yote, njo tunamupa falanga zote zenye zilibakia."

Hapo nikaelewa, na hofu ikazidi. Kwetu mtu akifa, jina lake haliachwi kaburini. Siku ya kumaliza kilio, ndugu mmoja hukalishwa mkekani, akafungwa shanga nyeupe, na tangu hapo huitwa kwa jina la marehemu. Aliyerithi la baba ni baba mdogo. Shanga nilimfunga mimi, mtoto wa kwanza, nikamwambia, "Papa, karibu nyumbani." Kwa furaha ile, cheti cha kifo hatukwenda kukiomba ofisi ya serikali, komini. Tungekiombaje, na baba ameketi pale anakula bukari? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Sisi tulikificha kifo chenyewe.

Saa tano baba mdogo akaingia, amevaa koti la baba. Hakunyemelea kama mwizi. Alitembea amenyooka kama mwenye mali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mutoto yangu, nani alikutuma huku?"

"Papa, mama ataenda wapi?"

"Shamba iko yangu. Niko papa yako, ao hapana?"

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, huyu njo papa yako?"

Nikisema ndiyo, mama atalala barabarani. Nikisema hapana, baba mdogo atapelekwa Kasapa, upande wa gereza, si wa chuo kikuu. Tena bibi alituonya tangu utotoni: anayelikana jina lililorithiwa hukiita kifo kirudi nyumbani. Bibi hakuwa mtu wa mzaha. Nikaificha mikono chini ya kitenge.

"Papa alikufaka," nikasema. "Huyu iko ndugu yake mudogo, alirithi jina. Kifo hatukuandikishaka. Ni kosa yetu siye bote."

Miaka minne, katika familia yetu hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo, kwamba baba alikufa. Karani alifunga daftari. Alituambia twende kwanza tukatengeneze mambo nyumbani, tulete cheti cha komini na karatasi ya baraza la familia. Polisi hakuwaita. Kabla ya karatasi hizo, shamba halitapewa kampuni na falanga hazitatoka.

Nilingoja baba mdogo anilaani. Hakulaani. Alifungua shanga mkononi, akaziweka kiganjani mwangu.

"Basi mumuzike tena," akasema, akatoka.

Nilikwenda ng'ambo ya Naviundu kwa miguu, nikiogopa kila pikipiki iliyonipita. Mama alikuwa anapepeta unga wa mahindi uani. Nikamweleza yote, nikamwambia nyumba yake imepona, kisha nikamwonyesha shanga. Habari za nyumba hakuziuliza. Alizishika shanga, akaketi chini kwenye udongo.

"Sasa njo alikufa," mama akasema, akaanza kulia kilio cha siku ya kwanza.